Kondo Lililopungua Nandagala

Mikidadi alikuwa barazani kwake Nambambo, anamenya mihogo, jicho lake la kulia lilipoanza kutoa machozi. La kushoto lilikuwa kavu. Mkewe Amna akachungulia kutoka jikoni.

"Kaamka?"

"Kaamka. Ana njaa huyo."

Punde machozi yakakata. Maana yake mtoto keshanyonya kule Nandagala, Ruangwa. Mihogo ikaendelea kumenywa.

Yote yalianzia kazini. Wapuliziaji mikorosho wa mzee Ismaily hawapewi miwani, kwa hiyo wamejizoesha kupulizia wamefumba jicho moja. Lililo wazi ni la kazi, lililofumbwa ni la akiba. Ukiwaona asubuhi na pampu zao mgongoni utadhani wanaikonyeza mikorosho. Msimu uliopita mpira wa pampu ulichomoka, dawa ikamwingia Mikidadi kwenye jicho la kazi. Maji yote yalikuwa yameshachanganywa na dawa, hata ya kunywa. Mwenzake Kaimu akaokota mabibo chini ya mikorosho, akamkamulia maji yake jichoni, kwa nia njema kabisa. Jamani! Mikidadi alipiga yowe ngedere wakahama.

Hospitalini daktari wa macho alikuta kioo cha jicho kimeungua, kimekuwa cheupe kama maji ya mchele. Akaondoa kilichokufa, akashonea juu yake utando mwembamba wa kondo la nyuma la mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji, ambaye mama yake alikuwa ameridhia. Alisema utando huo hutuliza jicho na kulipa nafasi ya kujiponya. Kweli likapona. Mikidadi akaanza kuona mlango, kisha kuku mlangoni, kisha rangi ya kuku. Alifurahi mpaka akawa anawaamkia kuku.

Kondo ni la nani, hospitali haikusema. Ila mchana mmoja bodaboda ilisimama uani, akashuka Bi Sabaha wa Nandagala na mjukuu wake Huzaifa mgongoni.

"Hodi! Nimefuata kondo la mjukuu wangu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nililolizika mimi lilikuwa limepungua. Na huyu akilala anaelekea huku tu, ukimgeuza anarudi. Nikamwambia dereva, wewe fuata uso wa mtoto."

Amna akaleta chai. Bi Sabaha akalichunguza jicho, akaridhika kuwa ndilo. Hakuwa na haja ya kulitoa, alisema, lakini kondo la mtoto hulala kwao, hayo ndiyo mambo ya wazee. Basi Mikidadi akaenda Nandagala, akasimama nyuma ya jiko mahali kondo lilipozikwa, akafukiwa miguu kwa udongo kidogo, watu wakala ubwabwa. Tangu hapo Huzaifa analala anakotaka.

Jicho lenyewe likabaki la wawili. Mtoto akilia, Mikidadi anatoka machozi. Mikidadi akikata vitunguu, mtoto anajifikicha. Raudha, mama wa mtoto, alipiga simu: "Kaka, vitunguu mwachie wifi."

Alimwachia. Undugu ulikuwa umenoga, mbaazi zikienda Nandagala na ufuta ukija Nambambo, na hakuna aliyekuwa na nongwa.

Msimu ulipofika, mzee Ismaily akamwita kazini. Mikidadi alimweleza yote.

"Hili jicho lina mtoto, bosi. Miwani je?"

"Nimesikia, hongera sana," mzee alisema, na alimaanisha. "Miwani msimu ujao, Mungu akipenda."

Msimu uliopita pia alisema hivyo. Jioni Raudha akapiga tena. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Kaka, dawa ikiingia tena, si anapofuka na mwanangu?"

"Haitaingia kwake."

Asubuhi Mikidadi alijitwika pampu mgongoni akasimama karibu na Kaimu. Jicho la kulia, la mtoto, akalifumba kabisa. La kushoto, lake mwenyewe, akaliacha wazi. Moyo wake ukatulia, akaanza kupulizia huku anaimba.

Nandagala, Huzaifa alikuwa mkekani, ameshiba, anacheza na kijiko. Jicho lake la kulia lilikuwa limefumbwa. Raudha akataka kumnawisha uso.

"Mwache," Bi Sabaha alisema, akipepeta ufuta. "Wako kazini."