Aliyekwenda Ulaya Akarudi

Katika kanisa la Pasta François, pale Bellevue, mtaa wa wahamiaji mwendo wa saa moja kutoka Pretoria, kuna mambo mawili ambayo hayakuwahi kuonekana tangu lifunguliwe: mahubiri yaliyoisha kwa wakati, na mtu aliyekwenda Ulaya akarudi kwa hiari yake. La kwanza waumini walishalikatia tamaa. La pili hakuna aliyelihitaji, maana nani mwenye akili zake angerudi?

Ndiyo sababu Ruphin alipopata viza, watu walimlilia machozi ya furaha kana kwamba ameitwa mbinguni akiwa hai. Ruphin mwenyewe alijaribu kuwaeleza. Alikuwa mlinzi wa geti kule Kensington, mtaa wa jirani wa wenye nacho, kwa Mzungu mmoja mzee aitwaye Whitfield, daktari wa meno aliyestaafu. Mzee Whitfield alikuwa na ugonjwa usio na dawa, nao ni kupenda ndege wa porini. Kila aliyemwona alimwandika daftarini: jina, rangi, saa na mahali. Sasa macho yake yalianza kuingia ukungu, na akagundua kwamba mlinzi wake, kwa miaka tisa ya kusimama getini, alikuwa amewajua ndege wote wa mtaa ule kwa sauti, kwa mkao, hata kwa tabia zao mbaya. Basi akaamua kwamba mwezi wa nne, wakati huko kaskazini miti inachipua, watakwenda wote wawili kwenye kisiwa kimoja cha Wagiriki, katika bahari ya Mediterania, mahali ambapo ndege waliotoka Afrika hutua kupumzika kabla ya kuendelea na safari. Ruphin angekuwa macho yake kwa siku kumi, kisha wangerudi.

"Siku kumi tu," Ruphin aliwaambia waumini.

"Amina!" waliitikia, wakakonyezana.

Aliyekonyeza kuliko wote alikuwa Mama Célestine, kiongozi wa akina mama. Mume wake alikwenda Ubelgiji miaka kumi na mmoja iliyopita, na kwa heshima hiyo Mama Célestine alikuwa na kiti chake mbele, chenye mto. Mambo ya Ulaya aliyajua yote, ingawa mwenyewe hakuwahi kuvuka mlango wa wasafiri pale uwanja wa ndege. Alieleza kwamba mumewe angekuja hata kesho, ila wenzetu kule ukishaingia hawakuachii utoke. Ndiye aliyeleta koti la baridi, zito kama godoro, na ndiye aliyemsimamia Angélique, mke wa Ruphin, ashone ndani ya bitana lake diploma ya mumewe, cheti cha ubatizo na picha nne ndogo.

"Ukifika kule, usisemeseme," alimfundisha Ruphin. "Unapotea polepole. Leo uko kwa meza, kesho hauko."

"Lakini mama, mzee haoni vizuri. Nikipotea, nani atamwonyesha ndege?"

"Mungu atamwonyesha."

Sasa, kanisa lile lina desturi moja. Mke wa msafiri husimama mbele ya watu wote na kumwachilia mumewe kwa mdomo wake mwenyewe, ili mguu wa msafiri usiwe mzito. Angélique alikuwa msusi Rockey Street, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alipanga kusema maneno mawili tu: safari njema. Ukweli ni kwamba alimpenda mumewe na hakutaka aende hata Pretoria. Lakini alipofika mbele akaona nyuso zile zote zinamtazama, na simu zimeinuliwa kumrekodi, mdomo ukamtangulia.

"Papa Héritière!" alipaza sauti, akimwita kwa jina la binti yao. "Mulango ukifunguka, ingia! Usigeuke nyuma! Mimi na mutoto tutangoja, hata miaka makumi mbili!"

Kanisa lililipuka. Watu walipiga makofi, ngoma ikalia, dada mmoja akaanguka kidogo. Ruphin alimtazama mkewe kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. Mdomo uliponza kichwa, na Angélique hakupata hata dakika ya kuyarekebisha maneno yake chumbani, kwa sababu akina mama waliwasindikiza hadi nyumbani, wakalala pale pale wakiomba, na kesho yake wakawasindikiza hadi uwanja wa ndege wakiimba.

Siku ya tatu ujumbe wa sauti ukafika. Saluni ilikuwa imejaa. Mama Célestine alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukausha nywele ambayo haikuwa imewashwa, akingoja habari tu.

"Weka kwa sauti kubwa, tusikie wote," aliamuru.

"Mama Héritière," ilisema sauti ya Ruphin, na nyuma yake upepo, "leo tumeona aina sitini na mbili. Na wale mbayuwayu wa kwa waya ya Kensington, wamefika huku! Wanapita. Mzee anasema mwezi wa kumi watarudia kule kwetu. Kila mwaka wanaenda, kila mwaka wanarudia, na hakuna anayewaombea."

Wanawake walitazamana. Mtu alikuwa Ulaya siku ya tatu nzima, anahesabu mbayuwayu.

Siku ya sita ikaja habari iliyowaua kabisa. Ruphin alikuwa ameshuka pwani alfajiri, peke yake, na darubini ya mzee shingoni, amevaa lile koti kwa sababu ya upepo. Gari la polisi likasimama. Polisi wawili wakamfunika blanketi, wakampa chupa ya maji, wakamuuliza mashua yake iko wapi na wenzake wako wapi. Kumbe kwenye kisiwa kile watu hufika na mashua za mpira kutoka ng'ambo, wakiomba hifadhi.

"Nikawaambia wenzangu walikuwa korongo makumi ine, wamepita sasa hivi," sauti ya Ruphin ilicheka. "Wakaniambia kuna ofisi, nisiogope, watanipeleka na gari, nitaandikwa. Batu ba muzuri kabisa! Nikawaambia aksanti, lakini mzee ananingoja kwa chai. Mmoja akaomba darubini, nikamwonyesha kipanga. Alifurahi sana."

Saluni nzima iliacha kusuka. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, alijishika kifua.

"Muzungu anamufungulia mulango," alisema Mama Célestine kwa sauti ndogo, "na gari iko pale, bure. Yeye anasema chai." Kisha sauti ikapanda. "Chai! Mumeo ana akili huyu? Mujibu! Mujibu sasa hivi, angali kule!"

Laiti Angélique angetoka nje kidogo, akasimama pale penye robot, taa ya barabarani ya kona, akasema lililokuwa moyoni. Lakini wanawake saba walikuwa wamemzunguka, na Mama Célestine mwenyewe ndiye aliyemshikia simu mdomoni.

"Papa Héritière," alisema, "umenipatisha haya. Rudia kwa ule polisi. Usinirudilie hapa mikono mitupu."

"Njo ile!" walisema wanawake, yaani ndiyo hiyo hiyo.

Tangu saa ile Ruphin hakutuma tena ujumbe. Siku ya kumi ikafika, ikapita. Siku ya kumi na moja, kimya. Simu yake ilikuwa imezimwa.

"Amepotea!" Mama Célestine alitangaza kanisani Jumapili, akiwa na furaha isiyo na kifani. Kiti cha pili kilikuwa kimeshanunuliwa, nacho kina mto. Angélique akakalishwa mbele, akavishwa kitambaa cha dhahabu, na watu wakapita mmoja mmoja kumpongeza. Kiti kilikuwa laini kuliko kitanda chake, na hakuwahi kukaa mahali pabaya kama pale. Nyumbani, Héritière, mwenye miaka minane, anayeelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kizulu, alimuuliza kila jioni, "Ubaba ubuya nini?" Baba anarudi lini? Mama yake alimwambia ale wali.

Hakuwa na wa kumwambia kwamba roho inamuuma. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukishatamka miaka ishirini mbele ya kanisa na ngoma ikapigwa, utaanzaje kulia siku ya kumi na mbili?

Jumatano akaja Kidawa kusukwa. Kidawa alikuwa Mtanga, mke wa Seif fundi simu, nao walikaa Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park. Siku zote alikuwa mwanamke wa maneno tele, lakini siku hiyo alikaa kimya hadi msuko wa nne, akisogea sogea kitini.

"Kaa vizuri, Mama, nitakuvuta."

"Shoga," Kidawa alisema, akiteremsha sauti, "mimi nimeapishwa. Seif kaniambia nikifungua mdomo atanirudisha Tanga. Sasa mimi sifungui mdomo. Nakuuliza tu. Mgeni akikaa kwako siku ya tano, anakula wali wa nazi sahani mbili mbili, na kila asubuhi yuko uani anatazama shomoro kwa darubini, huyo mgeni ni halali kumwambia mkewe, au si halali?"

Kitana kikaanguka. Angélique alimwacha Kidawa na misuko minne kichwani, akatoka na aproni yake mbio, hakungoja hata taksi. Aliteremka hadi Bertrams kwa miguu, na robot alizokuta nyekundu alizipita nyekundu hivyo hivyo, madereva wakimpigia honi.

Seif, rafiki wa Ruphin, ndiye aliyefungua mlango. Alipomwona, alianza kuapa kabla hajaulizwa.

"Shemeji, wallahi hapa hakuna—"

"Toka njiani, Seif."

Ruphin alikuwa uani, ameketi juu ya kreti ya soda, anamenya viazi. Rangi ya uso ilikuwa imeiva kwa jua la baharini. Alipomwona mkewe alisimama, kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine, kama mwanafunzi aliyekutwa nyuma ya choo.

"Ulikuja lini?" Angélique aliuliza.

"Siku ya kumi. Pamoja na mzee."

"Na hukukuja nyumbani."

"Ulisema nisirudie. Ulisema mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya kanisa, nikasema labda ni mambo ya kanisa. Mara ya pili uliniambia mimi mwenyewe, kwa simu." Akakitazama kiazi. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Seif akasema nikae hapa mpaka nipate neno."

"Na tangu lini wewe unanisikiliza?" Angélique alifoka. "Miaka kumi na mbili nakwambia usiache soksi kwa meza! Hukusikia! Nakwambia usikorome! Hukusikia! Neno moja tu la bure, la upumbavu, nililosema kwa sababu batu banasikiliza, hilo njo unalisikia?"

Kisha akaanza kulia, kilio kibaya cha makamasi, akamkumbatia na kiazi chake. Seif akaingia ndani kwa adabu na kufunga mlango.

"Nilikuwa nataka kurudia tangu siku ya kwanza," Ruphin alisema kwenye nywele zake. "Kule ni kuzuri sana. Ndege mia na makumi tatu na mmoja. Lakini kila ndege niliyemwona nilikuwa natafuta wa kumwonyesha, na mzee haoni."

Walipanda kwenda Bellevue mchana kweupe, wameshikana mikono. Angélique alikataa kupita njia ya nyuma. Walipita mbele ya saluni, mbele ya kiduka cha spaza, mbele ya fundi cherehani ambaye hueneza habari kuliko redio. "Eish, pole, ndugu," watu walimwambia Ruphin. "Walikukamatia wapi?" Kabla ya jioni Bellevue nzima ilikuwa imeshajua kwamba Ruphin amefukuzwa Ulaya kwa pingu, na wengine walitaja hadi rangi ya pingu zenyewe.

Jumapili Pasta François alimwita mbele, akamwekea mikono kichwani na kuanza kukemea pepo wa kufukuzwa. Akina mama walikuwa wameshapiga magoti. Ruphin, mtu wa amani, aliinamisha kichwa aombewe yaishe. Ndipo Angélique aliposimama kutoka benchi la nyuma, alikokaa na bintiye.

"Pasta, muache. Hakufukuzwa. Alirudia yeye mwenyewe."

Sauti za maombi zilikufa moja baada ya nyingine.

"Na mimi nilitaka arudie. Ile siku nilisema uongo hapa mbele, kwa sababu mulikuwa munapiga makofi. Sikutaka hata aende. Munisamehe, ao musinisamehe. Bwana yangu iko hapa."

Pasta alifungua Biblia, akaifunga. Kisha Mama Célestine akainuka polepole kutoka mbele, na Angélique akakaza shingo, akiwa ameshachagua maneno manne makali ya kumjibu. Lakini Mama Célestine hakumtazama yeye. Alimgeukia Ruphin.

"Ruphin. Pale aéroport, wakati wa kurudia. Banakuuliza nini?"

"Habakuniuliza kitu, mama. Walipiga muhuri. Waliniambia nimwage maji ya kwa chupa."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

"Hawakukukataza kutoka?"

"Hapana."

"Na mutu..." Akashika ukingo wa kiti. "Mutu mwenye amekaa miaka kumi na moja, bila makaratasi. Yeye pia akitaka kutoka, wanamwachia?"

Ruphin alimtazama mkewe amsaidie. Angélique alikuwa anautazama mkono wa Mama Célestine juu ya kiti.

"Wanamwachia, mama," alisema Ruphin. "Kutoka hawamkatazi mutu."

Mama Célestine akaitika kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyeelezwa njia. Akakaa. Angélique akaacha benchi lake, akapita katikati ya waumini hadi mbele, akakaa sakafuni karibu naye na kumshika mkono.