Kipimo cha Mwalimu Vioo

Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha watu kuendesha gari, na pale shule ya udereva hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwalimu Vioo, kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake: "Vioo kwanza! Kabla hujagusa gia, vioo!"

Kila asubuhi aliizunguka ile gari ndogo nyeupe ya shule, akabonyeza tairi moja moja, akachomoa kijiti cha oili na kukifuta, akatazama maji ya rejeta, kisha akajaribu breki zote mbili, ya mwanafunzi na ile ya upande wake. Alijigamba kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kumgonga mtu akiwa naye barabarani, na alikuwa anasema kweli.

Ukungu ulianza polepole. Alidhani ni kioo cha mbele. Akabadilisha mipira ya waipa, mambo yakawa yaleyale. Akaibadilisha tena. Akasugua taa kwa dawa mpaka zikang'aa, akamgombeza muosha magari kwamba anatumia matambara machafu. Yule muosha magari akapitisha kidole kwenye kioo, akakikagua kidole chenyewe, akasema, "Mzee, kioo hiki kikizidi kutakata hapa, ndege watakuja kukigonga." Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jioni moja alisimama uani kwake akamsalimu shemeji yake mara tatu bila kuitikiwa. Mkewe akatoka jikoni, akamkuta anafoka kuhusu watu wasio na adabu.

"Baba watoto," mkewe akasema, "hilo ni koti lako. Nimelianika tangu mchana."

Siku hiyo alijua tatizo ni macho yake, na hakumwambia mtu. Ulipofika wakati wa kupimwa macho ili leseni iongezwe muda, alikaa kwenye benchi kando ya mlango ulioachwa wazi, akawasikiliza watu watatu waliomtangulia wakisoma herufi za ukutani, akazikariri. Zamu yake ilipofika alizitaja zote bila kukosea hata moja. Mpimaji akamsifu kwamba ana macho ya kijana. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe amefaulu, na usiku huo alikula huku ameinamia sahani yake.

Mwaka huohuo alipewa mwanafunzi ambaye walimu wengine walikuwa wanamkwepa: fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyetaka kuendesha gari aliyoachiwa na mumewe. Walimwita Mama Cherehani. Aliogopa kila kitu. Gari ikimzimikia kwenye makutano, aliiomba radhi. Lakini alikuwa msikivu ajabu. "Mimi nakwenda kwa maneno yako tu, Mwalimu," alizoea kusema.

Asubuhi moja, jua likiwapiga usoni, walikikaribia kivuko cha waenda kwa miguu. Mama Cherehani akakanyaga breki, gari ikasimama taratibu.

"Sasa umesimama nini?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, si kuna..."

"Barabara nyeupe hii! Wenzako huko nyuma wanapiga honi. Ondoka."

"Lakini Mwalimu..."

"Nani anamfundisha mwenzake hapa? Nimesema twende!"

Gari ikajongea kidogo, kama upana wa kiganja, ikasimama tena. Ndipo Mwalimu aliposikia sauti mbele ya boneti: "Ahsante, mwanangu." Akakaza macho. Katika ule mwanga akajitokeza bibi kizee mwenye nguo za kijivu juu ya lami ya kijivu, amejishikiza kwenye boneti kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo. Akapita hatua kwa hatua hadi ng'ambo.

Mwalimu akatazama chini. Mguu wake ulikuwa umelala tu kando ya breki yake.

Mama Cherehani alipita kivuko, akaegesha pembeni, akazima injini. "Mwalimu, yule bibi hukumwona?"

Angeweza kusema kweli pale pale, wawili tu ndani ya gari.

"Nilimwona," akasema. "Nilikuwa nakupima. Nilitaka kujua utafuata macho yako au mdomo wangu."

Uso wa Mama Cherehani ukachanua. "Kumbe! Na mimi nilishaanza kukuchukia."

Mama Cherehani hakuweza kulinyamazia jambo zuri kama hilo. Alimsimulia mwenye shule, naye mwenye shule akafurahi kupita kiasi. "Miaka yote hii unatuficha mbinu kama hiyo?" Akabandika tangazo: Jumamosi, walimu na wanafunzi wote wakutane darasani, Mwalimu Vioo aeleze kipimo chake. Watu wakampa mkono koridoni. Yeye aliitikia kwa kikohozi na kupita haraka. Ijumaa, mwalimu mmoja kijana akamfuata anacheka. "Mzee, kipimo chako nimeshakijaribu leo. Nilimwambia mwanafunzi wangu aende, na mbele kuna watoto wanavuka. Akakataa! Amefaulu!"

 Usiku huo Mwalimu Vioo hakulala.

Jumamosi darasa lilijaa. Mbele palikuwa na meza ya kufundishia iliyochorwa barabara, na vigari vya kuchezea juu yake. Mama Cherehani alikaa benchi la kwanza na daftari lake. Mwalimu akashika kigari kimoja, akakirudisha mezani.

"Hakuna kipimo," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akalazimika kurudia. "Hakuna kipimo. Sikumwona yule bibi. Macho yangu hayaoni vizuri tangu mwaka jana. Herufi za kupimia macho nilizikariri. Huyu mama alisimama kama nilivyomfundisha, nikamfokea. Halafu nikamdanganya."

 Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye shule alikuwa anatazama sakafu. Yule mwalimu kijana alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mama Cherehani akafunga daftari. "Mwalimu," akasema, "unajua siku ile nilikuwa nimeshaanza kuinua mguu? Nilijiambia, mwalimu wangu hawezi kukosea."

 Mwalimu akaweka ufunguo wa gari mezani, na Jumatatu akairudisha leseni yake mwenyewe pale ilipotolewa. Karani akadhani amekuja kulalamika, ikabidi amweleze kisa chote upya mbele ya foleni nzima.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakampasua la kulia kwanza, kwa la kushoto akawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Mwenye shule akamrudisha afundishe alama za barabarani darasani tu. Kila kundi jipya linapoanza, huwasimulia habari ya yule bibi kabla ya kugusa chaki. Watu humwambia akizoea itakuwa rahisi. Bado hajazoea.

Mama Cherehani alimalizia mafunzo kwa mwalimu mwingine, akafaulu. Siku moja walikutana nje ya geti la shule, alipomleta dada yake kujiandikisha.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu. Macho?"

"Moja limerudi. Mama, sijawahi kukuomba msamaha wewe peke yako. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Ila dada yangu nimemwombea mwalimu mwingine. Na mimi sitakaa tena kwenye gari unayoiongoza."

Alilisema kwa upole, kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akawafungulia geti.