Nereida Hakubali Namba

Ofisi yetu ya maji haina maji, kwa hiyo tulikuwa tunaua majoka. Mshahara wa mwezi mzima, noti zetu za bolivari zote pamoja, haununui trei ya mayai, na kompyuta za serikali zilikuwa zimekaa bure. Yuleisy wa dirisha la malalamiko ndiye aliyetufundisha. Unaingia kwenye mchezo mtandaoni, unaua joka, unaokota mifupa, unaiuza upate dhahabu ya humo humo, halafu dhahabu unawauzia matajiri wa ng'ambo wasio na muda wa kuua majoka yao wenyewe. Wanalipa dola. Mimi mfagiaji, niliyeishia darasa la nne, nilishika upesi kuliko wenye vyeti.

Mtu wangu mle ndani nilimwita Nereida, jina la marehemu mke wangu. Kaburini kwake hakuna hata kibao. Kule kwenye mchezo jina lilielea juu ya kichwa chake, jeupe, kila apitaye akilisoma. Halikuandikwa mahali pengine popote duniani.

Jumanne moja Mkurugenzi, Mhandisi Argimiro Luzardo, akatufuma. Huyu mhandisi ameshika spana mara moja tu, siku ya kupigwa picha. Tulingoja atufukuze. Akavuta kiti.

"Joka moja linatoa ngapi?"

Kufika Ijumaa tulikuwa na Idara ya Majoka. Idara ya mabomba tunaingoja miaka sita. Kitabu cha mahudhurio, mhuri, mkutano wa asubuhi, fungu la Mkurugenzi. Ndani ya mchezo kila mtu avae kofia nyekundu na aitwe Maji Safi, na namba. Watoke saa mbili kamili, kwa mstari.

"Mhandisi," Yuleisy alisema, "wenye mchezo wanawafungia wanaofanya biashara. Wakituona tumejipanga kama watoto wa shule, si tumekwisha?"

"Binti, nidhamu haijamponza mtu." Akanigeukia. "Mzee Eudo, wewe namba nne."

"Huyu ana jina."

"La mwanamke."

"La mke wangu. Unamjua. Alikufa kwenye mashine ya figo, hospitali ilipokaukiwa na lori lako la maji lisionekane."

"Tusichanganye mambo, mzee. Namba nne, au fagio."

Nikachukua fagio.

Siku tisa Maji Safi walitoka kwa mstari. Siku ya kumi wote kumi na wawili walifungiwa, na dhahabu yao ikapotea. Yuleisy alicheka. "Angalau tumekufa na sare," akasema, halafu akaanza kulia, maana ana watoto watatu.

Mkurugenzi alinikuta nafagia korido. Kiti alinibebea mwenyewe.

"Mzee wangu, amebaki Nereida peke yake. Atufanyie kazi sote."

"Leo amekuwa Nereida?"

"Nilikosea. Sema unachotaka."

"Sema lile lori lilikwenda wapi siku ile. Kwa sauti, wasikie mpaka dirisha la malalamiko."

Akatazama viatu vyake. "Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu. Binti yangu alikuwa na sherehe. Bwawa lilikuwa tupu."

Miezi kumi na minne tangu afe nilidhani nikilisikia neno hilo nitapoa. Sikupoa. Waliogelea, wakala keki, ndani ya maji yaliyotakiwa kusafisha damu ya mke wangu. Fagio lilikuwa mkononi na nilijua kabisa pa kumpiga. Na huyu ndiye tunayemsainia mahudhurio kila asubuhi, na aliyemweka ni mkubwa zaidi yake, naye ana bwawa lake.

Nikakaa, nikampeleka Nereida kwa majoka. Yuleisy na wenzake hawakujaza bwawa la mtu.

Luzardo akasimama nyuma yangu.

"Na fungu langu, mzee?"

"Kaliombe bwawani."

Hakuondoka. Nikamwambia asogee, anaziba feni.