Unga kwenye Kipanya

Kazi yangu ni kupima kama tovuti inamfaa kipofu. Nalipwa kwa upofu wangu, na kwa miaka sita nimeutembeza Gaborone nzima kifua mbele, kama vile niliusomea. Fomu yangu ya upimaji ina swali nilipendalo: "Umemaliza peke yako?" Huwa najibu "Ndiyo" kabla programu inayonisomea skrini haijamaliza kuuliza.

Tovuti ya maombi ya chuo kimoja cha ualimu niliipa tisini na nane kwa mia. Mbili nilizipunguza ili wasivimbe kichwa.

Alhamisi saa nane mchana, saa mbili kabla maombi hayajafungwa, akanipigia Gorata, binti aliyepoteza macho mwaka juzi. Kompyuta nilimfundisha mimi, na huniita Rra, yaani baba.

"Rra, nimekwama. Inataka nithibitishe mimi ni binadamu. Nichague picha zenye mabasi. Sauti hakuna."

"Tulia, mwanangu. Haraka ndiyo inakuponza."

"Nimejaribu tangu asubuhi! Mwaka huu nikikosa, mjomba ananirudisha kijijini nikakae tu. Wewe ulipitaje hapo?"

"Kwa utaratibu," nikasema. Mungu anisamehe.

Nikafungua tovuti nimwonyeshe fundi anavyofanya. Nikafika kwenye picha. Kimya. Mdomo wangu ukaita wenyewe, kama unavyoita kila siku: "Mma Thuso!"

Mke wangu akatoka jikoni, akabonyeza mara tatu, akarudi kwenye magwinya yake, maandazi ya kwetu. Programu ikasema nimethibitishwa.

Nikapapasa alipokuwa ameweka mkono. Palikuwa na kipanya. Mimi natumia kibodi tu; mimi na kipanya wapi na wapi? Kilikuwa kimeganda unga wa maandazi yake, tabaka juu ya tabaka.

"Mma Thuso, siku ile napima hii tovuti, ulikuwepo?"

"Lini sikuwepo, baba? Hata ile ya benki. Nilijua ni sehemu ya kazi."

Kumbe ubinadamu wangu wote huo aliuthibitisha yeye. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikampigia mama wa udahili pale chuoni, nikamweleza.

"Rra, wasioona wanne walishalalamika. Tuliwajibu kwamba kipofu mwenzao amepita peke yake, wao wajitahidi."

Nikamuuliza nitarekebishaje.

"Niandikie sasa hivi kwamba ulikosea," akasema. "Nikiwa na barua yako, wasioona nawaongezea muda mpaka Jumatatu, watume maombi kwa kupiga simu, si kwa tovuti."

Barua hiyo ndiyo ingenikosesha kazi. Mke wangu akasogea. "Nikusaidie?"

"Usiguse."

Niliandika kwa dakika arobaini, nikaituma saa kumi kasoro tano. Gorata nilimwambia ukweli wote. Alicheka, kisha akalia, kisha akanitukana kwa adabu.

Halafu nikampigia tena yule mama, nikamwomba namba za wale wanne.