Koti Jeupe la Redio

"Kwa pointi zangu hizi, vyuo ndivyo vitakavyoniomba mimi!"

Ndivyo Redio alivyotamba mbele ya cherehani ya mama yake siku matokeo yalipotoka. Waliompachika jina hilo hawakumwonea. Mdomo wake haukuwa na swichi. Na pointi alikuwa nazo, tusimnyime haki yake. Historia alipasua, lugha akapasua, jumla ikapendeza macho. Kasoro kemia. Vipindi vya maabara alivigeuza jukwaa: ananusa chupa, anajifanya kuzimia, darasa zima hoi kwa kicheko. Mtihani ulipokuja, yeye peke yake hakucheka.

Chuo cha uuguzi nacho hakikutaka jumla. Kilitaka kemia. "Pointi zako nzuri, kijana," karani wa udahili alimwambia pale dirishani, akimrudishia cheti. "Lakini bila kemia hapa huna nafasi."

Alipofika nyumbani akasema, "Mambo safi, Mama."

Basi mama mtu akalisukuma pembeni gauni la harusi alilokuwa akilipinda, akatandaza kitambaa cheupe mezani.

"Mama, bibi harusi wa watu je?"

"Atangoja. Muuguzi kwanza. Simama wima! Mbona mabega umeyakunja kama mwizi wa kuku?"

"Na hicho kitambaa, si cha mteja?"

"Changu. Nilikinunua ulipoanza sekondari. Miaka yote nimekificha chini ya vitambaa vya watu, nisije nikashawishika kukiuza."

Mama alikuwa ameshachora kwa chaki. Mkasi ukafunguka kinywa. Kitambaa kikishakatwa, hakirudi tena kuwa kizima.

"Mama, ngoja kidogo."

Mkasi ukasimama. "Nini?"

Maneno yalikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Kilichotoka kikawa kingine. "Usinibane kwapani. Wagonjwa watazirai kabla sijawapima."

Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Mtoto huyu! Utawaponya kwa vichekesho." Akakata. Redio alisikia mkasi ukila kitambaa, krr, krr, akatamani ungeanza na ulimi wake.

Redio alikuwa amebandikwa vipande mwilini kwa pini, mikono juu kama aliyekamatwa, mlango ulipobishwa. Akaingia binti wa jirani, aliyesoma naye darasa moja na kupanga naye foleni ile ya udahili.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kupimwa koti la chuo."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja wakati mzuri. Mwone mwenzako alivyopendeza. Huko mwendako mwangalie, tafadhali, huyu bila kusukumwa hali wala halali."

Binti akamtazama Redio. Redio akamkonyeza. Akakohoa. Akatikisa kichwa, kidogo tu, pini isimchome shingoni.

Msichana wa watu hakuelewa hata kimoja. Uso ulimchanua kwa furaha isiyo na hila.

"Kumbe walikukubalia! Afadhali! Mimi siku ile karani alipokurudishia cheti nililia njia nzima. Sasa ile kemia mliimalizaje?"

Mama alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kemia gani?"