Masanduku ya Manjano ya Songya

Tan Guizhen alikuwa na kinyesi cha ng'ombe mpaka viwikoni. Alikichanganya na majivu, akawa anaziba nyufa za mzinga wa gogo chini ya upenu wa nyumba yake. Nyuki walimpita masikioni bila kumjali. Ulikuwa mwezi wa tano, na mlima wote ulinukia maua.

"Dada Tan, nenda ukanawe," sauti ilitoka barabarani. "Mkaguzi wa wilaya anafika saa sita."

Alikuwa Pang, afisa wa tarafa, kijana wa viatu vya kung'aa. Nyuma yake masanduku arobaini mapya ya nyuki, ya manjano, yalipangwa kando ya lami kama watoto wa gwaride. Juu ya masanduku hayo kilining'inia kitambaa chekundu: KIJIJI CHA KISASA, NYUKI WA KISASA. Ndani ya masanduku hamkuwa na hata nyuki mmoja.

"Mmeyapaka rangi hadi ndani, Mkuu," Guizhen alisema. "Wewe ungelala kwenye chumba kinachonuka hivyo?"

"Maelekezo yalisema yapakwe. Hayakusema wapi." Pang alijifuta jasho. "Hamishia humo nyuki wa mizinga mitatu tu, dada. Mitatu."

"Wana watoto sasa hivi. Ukiwabughudhi leo, kesho unawasikia ng'ambo ya mlima."

Pang alishusha sauti. "Fomu ina nafasi moja: masanduku yenye nyuki. Akiandika sifuri, chama chenu cha wafuga nyuki kinafutwa. Chumba cha shule ya zamani anapewa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Mimi mwenyewe sipendi."

Guizhen aliacha kusiliba. Ndani ya chumba hicho nyumba kumi na moja zilichuja asali yao na kuifunga kwenye chupa. Miaka mitano nyuma, kijiji cha Songya kilikuwa cha wazee na mbwa. Sasa kijana wa Kou, shemeji yake, alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha viatu, na mke na mapacha. Duka lilifunguliwa tena. Jioni ulisikia watoto wakigombania mpira. Chumba kikienda, vijana watapanda basi lile lile lililowaleta.

"Shemeji," Kou alinong'ona kutoka uani. "Wametoka."

Kundi zima lilikuwa limefumka kutoka gogo la pili, likazunguka angani kama moshi wenye sauti. Songya hakuna anayepiga kelele nyuki wakihama. Na wakitua, mwenye mahali walipotua ndiye mwenyeji wao: sharti awashikie mzinga mpaka waingie. Hilo halikataliwi, kama mgeni asivyokataliwa.

Wakatua juu ya kitambaa chekundu, wakalifunika neno KISASA lote, wakaning'inia kama ndevu.

Gari la wilaya likasimama hapo hapo. Bibi Shuai, mkaguzi, akashuka na faili lake. Pang alikuwa mweupe kama unga.

"Kitambaa cha nani?" Kou aliuliza kwa upole.

"Cha... cha tarafa."

"Basi tarafa ndiyo mwenyeji. Kunja mikono ya shati, Mkuu."

Guizhen alianza na sanduku la manjano. "Tusije tukaambiwa tumebagua," alisema. Aliwachota kwa kata, akawamimina ndani. Nyuki wakaingia, wakanusa, wakatoka wote, wakarudi kwenye kitambaa. Mkaguzi alikohoa kidogo. Mtu mwingine angekiita kikohozi hicho kicheko.

Ndipo Kou akaleta gogo kuukuu, lililofukizwa kwa majani machungu ya pakanga na kusuguliwa nta ya mwaka jana. Pang alilikumbatia, mdomo wa gogo ukielekea juu.

"Wataniuma?"

"Hawa wameshiba kabla ya safari. Aliyeshiba hagombani," Guizhen alimjibu. "Ila ukiliangusha gogo, mimi nitakuuma."

Akaanza kuwaita, taratibu, kama alivyofundishwa na mama mkwe:

*Ingia mama ingia, nyumba imeshafagiwa,*
*Nta tumekupakia, baridi hutaijua.*

Mmoja akaingia. Kumi. Kisha wakamiminika kama mtama gunia likipasuka. Wengine walipitia kwenye mkono wa Pang, na kijana yule, aliyekuwa amefumba macho, akafumbua moja, halafu la pili.

"Wana joto," alisema polepole. "Dada, wana joto kama kifaranga."

Watu wa Songya waliokuwa wamekusanyika walicheka kimya kimya, mabega yakiwatikisika.

Mkaguzi alifungua faili. Alizitazama nyumba kumi na moja, kila upenu na magogo yake yanayovuma. "Fomu inauliza masanduku," alisema. "Haina nafasi ya magogo."

"Kwani sanduku ni nini?" Guizhen aliuliza. "Lina ukuta, lina kifuniko, lina mlango. Hili letu halina pembe tu."

Bibi Shuai alifungua kalamu. Kisha akaandika, akitamka kila neno ili Pang asikie: "Masanduku ya mviringo. Yenye nyuki. Hamsini na matatu." Akagonga muhuri juu ya boneti la gari.

"Na haya ya manjano?" Pang aliuliza, gogo likiwa bado kifuani. "Nayo yameshaandikwa kwenye ripoti ya tarafa kwamba yanatumika."

"Tuachie," Guizhen alisema.

Wiki iliyofuata Pang alirudi kupiga picha za ripoti. Kuku wa Songya walikuwa wamehamia barabarani. Kila sanduku lilikuwa na majani makavu na mkazi wake, na la kwanza kabisa, lenye nembo ya tarafa, lilikuwa na mayai tisa.

"Yanatumika," Guizhen alimwambia, akimpa mayai mawili ya kwenda nayo.