Miavuli ya Jua

Wafanyabiashara wa mtaa ule walitazama mbingu kwanza ndipo wakaenda benki. Jua likiwaka, meneja wa mikopo angetia saini hata karatasi ya kufungia karanga. Mawingu yakitanda, hata mwenye ghorofa tatu alitoka mikono mitupu. Mwenyewe aliita hiyo tathmini ya kina, na makao makuu, Mungu awasamehe, walimpa cheti.

Fundi wa miavuli ndiye aliyebanwa kotekote. Siku ya mvua alimkuta meneja amenuna, soksi zake zimeanikwa juu ya kompyuta, na jibu likawa hapana. Siku ya jua meneja alimwagizia chai, akachungulia dirishani, akauliza, "Mwavuli, dada yangu? Kwa mvua ipi?"

Na msimu wa mvua ulikuwa unabisha hodi. Bila mkopo hapakuwa na kitambaa, na bila kitambaa, cherehani yake na ya wifi yake zingechukuliwa na mwenye nyumba kufidia kodi. Usingizi ulimruka.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," wifi yake alimwambia. "Mwambie ni miavuli ya jua."

"Si ni ileile, wifi?"

"Kwani atauliza?"

Hakuuliza. Siku hiyo lami ilinata viatuni, na meneja alikuwa akijipepea kwa faili la mteja. "Miavuli ya jua! Umechelewa wapi siku zote?" Akampa na nyongeza. Fundi alitoka mbio akanunue kitambaa kabla upepo haujageuka.

Mvua zikashuka, miavuli ikagombewa. Siku moja meneja aliingia karakanani amelowa chapachapa, akachagua mmoja, akalipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akakumbuka kazi, uso ukakunjamana.

"Dada, ule mkopo nausitisha. Urudishe wote."

"Nimekosa nini, bosi?"

"Biashara yako imekufa. Tazama nje! Mwenye akili gani atanunua mwavuli wa jua?"

Fundi aliutazama mwavuli alioushika meneja. Wifi yake aliinamia cherehani, mabega yakimtikisika. Pesa zilikuwepo, tena za kubaki.

"Sawa, bosi. Kesho nakuletea zote."

Meneja akashusha pumzi. "Unaona? Ningekuachia, ungefilisika."

Akafungua mwavuli wake mpya, akatoka mvuani kifua mbele.